Bahari ya Chungu

Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Methali hii humfaa samaki wa Ziwa Tanganyika aliyetiwa katika tangi la kioo la lita 60. Ziwani, taka ya mwili wake ingepotea. Humu huogelea ndani yake. Naye ni bubu. Ukimwona anapanda juu akihema, ujue amekuwa taabuni muda mrefu.

Ndiyo maana namsifu fundi anayemtengenezea bubu huyu mkalimani: roboti. Vifaa vyake ni vichache: bodi ya Arduino, kihisi cha joto kisichopenywa na maji, kihisi cha pH chenye tufe la kioo chembamba nchani, na mkono unaozungushwa na mota ndogo. Mkono huchovya kioo majini, hungoja namba itulie, hukisuuza, kisha hukilaza katika kichupa cha myeyusho wa kloridi ya potasiamu, maana kikikauka huharibika.

Kuunga nyaya si kazi kubwa. Ufundi huanza pale fundi anapokataa kukiamini alichokiunda. Hukijaribu katika myeyusho wa pH 7, kisha wa 4 au 10. Kwenye nyuzijoto 25, kila hatua moja ya pH hubadilisha umeme wa kioo kwa takribani milivolti 59 tu, kiasi ambacho hata umeme unaovuja kwenye pampu huweza kukivuruga. Niliwahi kubadilisha maji usiku wa manane kwa sababu namba zilikuwa zikirukaruka. Nilipozima pampu, zikatulia. Maji hayakuwa na kosa.

Usumbufu wote huo una sababu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Kwenye pH 7, sehemu yake iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9, ambayo ni ya kawaida kwa Tanganyika, hupita theluthi. Samaki ni yuleyule na taka ni ileile. Kihisi kinachokosea hatua mbili ni shahidi wa uongo, na hukumu yake humwangukia asiyeweza kujitetea.

Roboti yenyewe haiponyi. Hunionyesha tu, asubuhi, kwamba pH imeshuka siku baada ya siku, jinsi inavyotokea tangi linapopuuzwa. Kazi inayobaki ni ya mkono wangu. Nikimimina ndoo nzima ya maji mapya kwa pupa, pH itapanda ghafla na kuiamsha sumu iliyokuwa imelala. Basi naweka ndoo sakafuni, nachukua kikombe, namimina, nasubiri mkono wa mota ushuke tena, nasoma namba, ndipo nachota kingine.