Heko kwa watoa tiba kwa vitendo

Daktari akishayaokoa maisha ya mama aliyepatwa na kiharusi, linabaki swali ambalo vipimo havilijibu: mama huyu atamenyaje viazi kwa mkono mmoja? Mtoa tiba kwa vitendo analo jibu. Anapigilia misumari miwili kwenye ubao, ncha zikitokeza juu. Kiazi kikichomekwa hapo kinatulia, naye mama anamenya bila kukimbizana nacho. Mpini wa kijiko anauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli hadi unenepe, ili vidole vilivyolegea viweze kuushika. Blauzi inavaliwa kwa kuanza na mkono mgonjwa. Wakati wa kuvua, mkono huo unakuwa wa mwisho.

Waanzilishi wa taaluma hii walikutana Clifton Springs, Marekani, mwaka 1917. Kwetu Tanzania inafundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Watoa tiba hawa nawapongeza hasa kwa kumuuliza mgonjwa alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua. Fundi cherehani hurudishiwa kitambaa, mkulima jembe. Aliyezoea kulisha nyumba nzima huzidi kudhoofika akikalishwa kitini kutwa, hata kama dawa anameza kwa wakati. Kila hospitali ya wilaya inawahitaji watu hawa, na waajiriwe.