Kitosch wa Molo na Kilio cha Waliofiwa

Mwaka 1923, katika shamba la mlowezi mmoja huko Molo, kijana wa Kiafrika alitumwa kumrudisha farasi jike. Aliamriwa amwongoze huku yeye akienda kwa miguu, kijana akampanda. Kwa kosa hilo bwana wake, Jasper Abraham, alimchapa viboko, akafungwa kamba katika ghala, na usiku uleule akafa. Wazungu wenzake walioketi kuamua kesi walimwona Abraham ana hatia ya kudhuru vibaya, si ya kuua, akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Hoja iliyomwokoa ni ya ajabu. Madaktari wa upande wa utetezi walieleza kwamba marehemu alikuwa ametamka kuwa anataka kufa, na kwamba nia hiyo ilichangia kifo chake pamoja na viboko. Kwa maneno mengine, maiti alitiwa katika orodha ya washtakiwa.

Kisa hiki kimewafikia wasomaji wa dunia kwa kalamu ya Karen Blixen, aliyekisimulia katika Out of Africa (1937). Ngũgĩ wa Thiong'o alikishambulia vikali katika Detained (1981), akimlaumu Blixen kwa kugeuza mauaji ya kinyama kuwa utukufu wa nafsi ya Mwafrika ajichagulia saa ya kufa. Katika hilo Ngũgĩ ana haki, nami sina la kumpunguzia. Lakini naona lawama yake imeishia kwenye mwili wa Kitosch na roho ya Blixen. Lipo jambo jingine ambalo wahakiki wetu wamelipita haraka, nalo ndilo nikusudialo kulijadili hapa: katika kisa chote hakuna aliyefiwa.

Msomaji na ajaribu kuhesabu wanaosema katika kisa hicho. Yumo mlowezi, wamo madaktari, wamo waamuzi, wamo hata Waafrika wa shambani waliokuwa karibu na Kitosch usiku ule na kusikia maneno yake. Mama hayumo. Hayumo baba, wala mke, wala ndugu wa kuuliza maiti imezikwa wapi. Kitosch anatokea kama mtu asiyezaliwa. Na hata jina lake lina mashaka, kwa kuwa Kitosh ndilo jina ambalo watawala wa siku zile waliwaita Wabukusu wote. Haikosi kuwa yule tunayemwita Kitosch alikuwa na jina jingine kwa mamaye, na kwamba jina lililoingia katika vitabu ni lile la kabila lake kwa kinywa cha bwana wake. Hilo ni dhana yangu, lakini si dhana ya kupuuzwa na idara zinazojishughulisha na lugha.

Kutokuwapo kwa jamaa hakukutokana na usahaulifu wa mwandishi peke yake. Kulikuwa na misingi katika uchumi wa Bonde la Ufa. Sheria ya kipande, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimfunga mfanyakazi kwa tajiri wake. Sheria ya mwaka 1918 iliwadai maskwota siku 180 za kazi kwa mwaka kabla ya kupata haki ya kukaa na kulima. Mtu aliyekwenda kuajiriwa mbali na kwao aliacha jamaa zake nyuma ya mpaka ambao wao hawakuweza kuuvuka kwa hiari. Akifa, habari iliwafikia, kama iliwafikia, baada ya shauri kwisha. Mahakama haikuwahitaji: walikuwa si mashahidi, wala hawakuwa na hadhi yoyote mbele yake. Blixen aliandika yale ambayo jalada la kesi lilimpa, na jalada halikuwa na nafasi ya machozi.

Je, fasihi yetu ya Kiswahili imelijaza pengo hilo? Mfano ulio karibu ni Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui iliyotoka mwaka 1981. Humo Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon, jina ambalo kwangu mimi halina budi kumkumbusha msomaji ukoo wa Delamere na mashamba yake ya Njoro na Elmenteita. Neno lenyewe kilio limechaguliwa kwa hekima. Katika Kiswahili kilio ni machozi, ni msiba wenyewe, tena ni malalamiko yapelekwayo kwa mwenye mamlaka. Asemaye kuwa kwa fulani kuna kilio huenda ana maana ya msiba. Asemaye kuwa kilio cha wananchi hakijasikizwa ana maana ya dai. Lugha chache zina neno moja la kumtoa mtu matangani na kumfikisha barazani bila kubadili nguo. Ila tamthilia, kwa haraka ya kufika kwenye mgomo, inaegemea sana maana ya pili na kuipita mbio ile ya kwanza. Mwandishi alitaka tabaka liamke. Aliyelia kwa ajili ya mtu mmoja hakumfaa sana. Ushairi nao umetupa sauti ya mfungwa, nayo Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) ni kilele chake. Sauti ya mama anayesubiri nje ya lango la gereza au la chumba cha maiti ni nadra zaidi.

Tukiiacha fasihi iliyochapishwa kwa muda na kutazama lugha ya kila siku, tunaona kwamba shauri la Molo halijafungwa. Sarufi ndiyo inayoendelea kulitetea. Chukua usemi wa magazeti yetu, risasi iliyopotea. Risasi hapa ndiyo nafsi ya kitenzi: yenyewe ilitoka, yenyewe ikapotea njia, yenyewe ikampata mtoto. Aliyeshika bunduki ameondolewa katika sentensi kwa ustadi ambao mwalimu wa sarufi angeusifu. Chukua tena alifariki akiwa mikononi mwa polisi. Kufariki ni kitenzi cha heshima, tunachokitumia kwa mzee aliyelala usingizi wake wa mwisho kitandani. Humu kimetumiwa kuufunika mwili wenye majeraha. Kile walichokifanya madaktari wa mwaka 1923 kwa elimu ya tiba, sisi twakifanya kwa viambishi.

Kiini cha hoja kimo katika kitenzi kutoweka. Mwezi Januari 2025 mvuvi kijana wa Nakuru alitoweka, na jamaa zake wakasema kwamba mara ya mwisho alionekana akiwa mikononi mwa askari wa wanyamapori katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Waliandamana, wakaenda mahakamani kudai aletwe akiwa hai au amekufa, na baadaye maofisa 6 wa shirika la serikali la wanyamapori wakashtakiwa kwa kumteka, walikana mashtaka. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Naitazama lugha tu. Katika alitoweka, anayetenda ni aliyepotea. Ni kana kwamba kijana aliamua kuwa moshi. Kwa hiyo wanaharakati na baadhi ya waandishi wameanza kusema alitoweshwa. Wapo walimu watakaokunja uso kwa umbo hilo. Mimi naona ni umbo halali kabisa, kwani limeongeza kiambishi cha kusababisha ambacho lugha yetu inakitoa bure, na kwa kiambishi hicho kimoja limemrudisha mtendaji katika sentensi alimofukuzwa.

Tena jamaa wa aliyetoweshwa wana taabu ambayo Kitosch hakuwaachia watu wake. Pasipo maiti hakuna mazishi; pasipo mazishi matanga hayawekwi, na yasiyowekwa hayaanuliwi. Kilio chao hakina siku ya kwisha. Aliye maskini huzidiwa, maana kila hatua ya kudai haki inaanzia mahali pale pale anapopaogopa: ni lazima kifo au kupotea kuandikwe katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na mara nyingi mwandikaji ni mwenzake yule anayeshukiwa. Kuundwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, kwa sheria ya mwaka 2011, kulikusudiwa kulivunja duara hilo. Shabaha hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na ripoti ya Tume ya Waki ya mwaka 2008, iliyohesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia za baada ya uchaguzi, 405 kati yao kwa risasi. Nakuru na Naivasha zimo katika ripoti hiyo kwa kurasa nyingi za kutisha.

Ni kweli kwamba mara chache kilio kimefika barazani. Mtoto wa miezi 6 aliyefariki Kisumu baada ya msako wa polisi wa Agosti 2017 (nami nimejikuta nimeandika aliyefariki; ndivyo mazoea yalivyo) alichunguzwa kifo chake hadharani, hakimu akawatia polisi lawamani mwaka 2019, na mwaka 2022 mkurugenzi wa mashtaka akaidhinisha washtakiwe kwa makosa dhidi ya binadamu. Kilichoifanya kesi hiyo isizame ni wazazi waliosimama na kusema wao wenyewe, kwa sentensi zenye mtendaji: walikuja, walivunja, walipiga. Sentensi kama hizo hazimo katika kisa cha Molo.

Yafaa basi wanafunzi wetu wa fasihi simulizi waache kwa muda kukusanya vitendawili ambavyo vimekwisha kukusanywa mara kumi. Chuo Kikuu cha Egerton kipo Njoro, na kutoka Njoro hadi Molo ni safari fupi ya matatu. Bungoma si mbali sana kwa mwenye nauli. Huenda bado zipo nyimbo za maombolezo za maskwota, au kumbukumbu katika ukoo fulani wa Kibukusu ya kijana aliyekwenda kufanya kazi kwa Wazungu wa Molo asirudi. Swali la kwanza la kuwauliza wazee si namna alivyokufa, kwa kuwa hilo tunalo katika jalada. Waulizwe alikuwa akiitwa nani.