Kamera ya Michezo kwa Vilima vya Ogembo

Anayetafuta kamera ndogo ya michezo hapa Ogembo aanze kwa kuipuuza namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. 4K ni vitone 3,840 kwa 2,160, lakini kamera nyingi za bei ya chini hunasa picha ndogo kuliko hiyo, kisha huitanua mpaka itimize namba. Muuzaji akikuchezea video, mwambie aisimamishe uitazame fremu moja. Tafuta migomba iliyo mbali, au mteremko wa majani chai. Kamera nzuri hukuonyesha jani mojamoja. Mbovu hukupa uji wa kijani.

Baada ya hapo, pima mtikisiko. Njia zetu zinazoteremka kuelekea mto Gucha ni za mawe na mifereji, na mwendesha baiskeli hutikiswa hadi meno. Kamera hupima mtikisiko huo, hukata kingo za picha na kuisogeza sehemu iliyobaki ili itulie. Picha kupungua upana kidogo si kasoro. Kasoro hujitokeza mwanga unapopungua. Chini ya mikaratusi, au alfajiri ukungu ukiwa bado bondeni, kamera hulazimika kupokea mwanga kwa muda mrefu zaidi katika kila fremu. Fremu hutoka imefifia kwa mtikisiko, na hakuna utulizaji utakaoirekebisha. Kwa hiyo ijaribu kivulini, ukitembea haraka. Juani karibu kila kamera hupendeza.

Kivulini ndipo ukubwa wa kihisi cha mwanga unapoamua. DJI Osmo Action 4 na Insta360 Ace Pro, zote za 2023, zina kihisi cha inchi 1/1.3, HERO12 ya GoPro, ya mwaka huo huo, ina cha 1/1.9. Anayepanda baiskeli alfajiri ataiona tofauti.

Na mvua? HERO12 huvumilia maji ya kina cha mita 10 bila kasha, Osmo Action 4 mita 18. Namba hizo ni za kamera mpya iliyofungwa barabara. Ukinunua iliyotumika, fungua mlango wa betri upitishe kidole kwenye mpira wake. Ukiwa umepasuka au umeshika chembe za udongo, kamera hiyo usiikaribishe majini. Chagua pia yenye kioo cha mbele kinachobadilishwa, maana changarawe za njiani hazikosi kukikwaruza.

Wakimbiaji wana haja yao. Katika nchi hii ya Wagusii, watu waliomtoa Naftali Temu, mshindi wa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, Mexico 1968, kamera inaweza kumsaidia kocha: fremu 120 kwa sekunde, zikichezwa kwa 30, hupunguza mwendo mara nne, akaona unyayo unavyotua.

Usibanie kadi ya kumbukumbu. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo tafuta kadi kubwa yenye alama ya V30, alama ya kasi ya kuandika. Kadi bandia ni nyingi: ijaze yote kabla ya mashindano, kisha ufungue faili ya mwisho. Beba betri mbili.

Pesa zikiwa chache, mimi ningechukua HERO9 ya 2020 iliyotunzwa vizuri, nikaiacha dukani kamera mpya isiyo na jina, hata boksi lake likisema 8K.