Lahaja na Historia ya Jamii: Mfano wa Funzi

Kisiwa cha Funzi, katika pwani ya kusini ya Kenya, kimezoea kuandikwa kwa kupitia majirani zake wenye nguvu. A. C. Hollis, alipochapisha maelezo yake juu ya historia ya Vumba mwaka 1900, alishughulikia hasa madiwani na urithi wa vyeo vyao. Kazi hiyo ina thamani, kwani imehifadhi mapokeo ambayo yamkini yangalipotea. Walakini historia ya watawala si historia ya jamii nzima. Mvuvi, mkulima na mtumwa hawana nasaba iliyoandikwa.

H. E. Lambert, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni kama Hollis, alifuata njia nyingine. Uchunguzi wake wa Chifundi, lahaja ya Funzi na vijiji vya bara vinavyokikabili kisiwa, ulitoka mwaka 1958. Humo usemi wa watu wa kawaida umepewa heshima yake. Lakini lengo lilikuwa kueleza umbo la lahaja, si maisha ya wasemaji wake.

Historia ya jamii yahitaji kuziunganisha njia hizi mbili, tena kwa hadhari. Chifundi hutumia kiambishi chi- mahali pa ki- ya Kiswahili sanifu, na Chidigo hufanya vivyo hivyo. Ni rahisi kudai kwamba huo ni ushahidi wa ujirani na kuoana. Dai hilo ni dhaifu, maana chi- imo pia katika Chimwini cha Barawa, mbali sana na Wadigo. Ushahidi wenye nguvu zaidi hauna budi kutafutwa katika msamiati wa kazi na wa maingiliano: nyavu, madema, vyombo, kilimo, mahari na ujira. Neno la kazi lililoazimwa huweza kuonyesha nani alijifunza nini kwa nani.

Mabadiliko ya kuchunguzwa ni mengi. Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1907. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, upande wa bara, kilifungwa mwaka 1988. Lakini uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, unaugusa ushahidi wenyewe. Mwalimu anayesahihisha umbo la Chifundi kama kosa, pasi na kueleza kwamba ni lahaja, hufuta bila kujua hati ya watu waliokosa nafasi katika nasaba za madiwani.