Pongezi kwa Watunga Maswali ya Chemsha Bongo

Katika chemsha bongo, sifa humwendea aliyejibu; aliyetunga swali hatajwi. Ila kazi ngumu ni yake, kwani swali zuri lazima liwe na jibu moja lisilopingika. Chukua swali linaloonekana jepesi: mlima mrefu kuliko yote duniani ni upi? Ukipima kutoka usawa wa bahari ni Everest, mita 8,849. Ukipima kutoka sakafu ya bahari, Mauna Kea wa Hawaii unaupita. Ukipima kutoka kitovu cha dunia, kilele cha Chimborazo, Ecuador, ndicho kilicho mbali zaidi. Mtunzi makini huongeza maneno manne tu, “kutoka usawa wa bahari”, na ubishi wote huisha kabla haujaanza. Kisha hurudi kukagua maswali yake ya zamani, maana majibu nayo huchacha: sayari zilikuwa tisa hadi Pluto ilipoondolewa mwaka 2006, na mji mkuu wa Burundi, uliokuwa Bujumbura, sasa ni Gitega.

Wapo wanaosema siku hizi simu inajibu kila kitu. Inajibu, lakini humjibu aliyeuliza, na hakuna aulizaye jambo asilojua kuwa lipo. Mtunzi ndiye anayemfikishia shabiki wa soka swali la figo, au la Kilwa. Wengine hulalamika kwamba huko ni kukariri tu. Kwa maswali ya tarehe tupu, wana haki. Lakini anayeulizwa ni mto gani unatoka Ziwa Victoria pale Jinja kuelekea kaskazini, hata kama hakukariri, anaweza kuifuata ramani kichwani mpaka akaufikia Nile.