Kuihoji Taa ya Oili

Ufundi wa kutafuta chanzo cha oili inayovuja katika pikipiki kuukuu unatoweka katika mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria bila kuliliwa na mtu, ingawa kwa miongo mingi ndio uliowafikisha vijijini mabwana shamba wa pamba, wauguzi wa chanjo na mapadre wa parokia za ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Pikipiki zenyewe, hasa Yamaha za familia ya DT na AG zenye injini ya mipigo miwili, zilipatikana kupitia idara za serikali, misheni na miradi ya maendeleo, zikapigishwa kazi katika barabara za changarawe na vumbi hadi rangi ikafutika tangini. Chache zilizosalia bado huonekana Kamanga, kwenye kivuko kinachounganisha jiji la Mwanza na wilaya ya Sengerema, zikisubiri kupanda pamoja na bodaboda za kisasa ambazo hazifanani nazo hata kwa mlio.

Mwendeshaji wa leo anapoona taa nyekundu ya oili imewaka, ama huongeza oili bila kuuliza, ama huipuuza taa na kuendelea na safari. Fundi aliyefunzwa zamani hafanyi lolote kati ya hayo kabla ya kuihoji taa yenyewe, kama hakimu anavyomhoji shahidi ambaye huenda anasema kweli na huenda anadanganya. Anajua kwamba katika Yamaha zenye mfumo wa Autolube, ambao kampuni hiyo ilianza kuutumia mwaka 1964, oili haichanganywi na petroli tangini, bali hukaa katika tangi lake dogo na kusukumwa na pampu inayozungushwa na injini, pampu ambayo imeunganishwa kwa waya na mkono wa mafuta ili itoe oili zaidi kadiri dereva anavyoongeza kasi. Taa ya pikipiki hiyo haipimi msukumo wa oili. Inapokea habari kutoka kwa boya dogo lililomo ndani ya tangi, ambalo hufunga njia ya umeme kina kinaposhuka. Ndiyo maana yaweza kumulika pikipiki inapopanda mlima, oili ikiwa imekimbilia upande mmoja, kisha ikazimika kwenye tambarare. Katika baadhi ya modeli huwaka pia gia inapokuwa frii, kwa sababu watengenezaji walitaka dereva ajue kuwa balbu ni nzima, na si ajabu mmiliki asiyelijua hilo akauziwa pampu asiyoihitaji.

Kinachoogopwa zaidi na mafundi hao, hata hivyo, ni taa iliyozimika, kwa kuwa tangi laweza kujaa oili na boya likaelea vizuri huku kiputo cha hewa kikiwa kimeziba mpira unaokwenda kwenye pampu, au waya wa pampu ukiwa umelegea kiasi kwamba alama ya kwenye kapi haikutani tena na alama inayopaswa kulingana nayo. Hapo pistoni hukauka na kukwama ndani ya silinda bila onyo lolote. Dawa yake ni skrubu ndogo ya kutolea hewa iliyoko kwenye pampu, ambayo hufunguliwa na kuachwa mpaka oili itoke bila mapovu, kazi isiyohitaji zaidi ya bisibisi na mtu mwenye subira ya kuyatazama mapovu hayo yakiisha.

Katika injini za mipigo minne zilizofungwa taa, mambo ni tofauti, maana taa hutawaliwa na swichi inayohisi presha, na waya wake ukichubuka na kugusa bodi huwaka hata kama presha ni kamili. Fundi huuchomoa waya kwenye swichi: taa ikibaki inawaka, kosa liko kwenye waya, ikizimika, swichi hutolewa na kufungwa geji mahali pake, kwa sababu swichi mbovu na beringi zilizolika hutoa onyo lilelile.

Kuhusu kuvuja, meli ya kivuko yenyewe ilikuwa chombo cha uchunguzi. Sitaha yake ni ya chuma, na pikipiki iliyosimamishwa hapo kwa muda wa kuvuka huacha chini yake ushahidi ambao vumbi la barabarani lingeumeza; tone linaloanguka injini ikiwa imezimwa humwambia mjuzi kwamba oili inatoka mahali palipo chini ya kina chake, kama nati ya kumwagia oili au sili ya shafti ya gia, ilhali injini inayolowa ikikimbia tu na kukauka ikisimama humwelekeza kwenye presha, na mara nyingi kwenye mpira wa kupumulia wa giaboksi, ambao ukizibwa na tope huifanya hewa iliyopata moto isukume oili kupitia sili ambazo hazina hatia yoyote. Kubadilisha sili kabla ya kuuzibua mpira huo ni kupoteza pesa, na bado hufanyika kila siku.

Ikiwa injini nzima imelowa, haikisiwi. Huoshwa kwa petroli na brashi, hukaushwa, kisha hupakwa poda, au unga wa muhogo ambao haukosekani katika nyumba yoyote ya Usukumani, halafu pikipiki huendeshwa mwendo mfupi. Injini inaporudi, unga mweupe huwa umechorwa mstari mweusi unaoanza mahali pamoja tu, na fundi huufuata mstari huo kwenda juu na mbele, si chini na nyuma, kwa kuwa upepo wa safari huirudisha oili nyuma na uzito huishusha, kiasi kwamba sehemu yenye uchafu mwingi mara nyingi ndiyo iliyo mbali zaidi na tundu. Utaratibu huu hauhitaji umeme wala kompyuta. Unataka mtu akubali kwamba macho yake yanaweza kumdanganya.

Kuna pia uvujaji usioacha tone. Sili ya krenki ya upande wa klachi ikichoka katika injini ya mipigo miwili, oili ya giaboksi hunyonywa hadi kwenye chumba cha krenki na kuungua, ardhi ikibaki kavu kabisa huku ekzosi ikitoa moshi mzito na kina cha giaboksi kikishuka. Sili ya upande wa pili, ule wa sumaku, ikichoka huingiza hewa, na injini hupandisha mlio yenyewe kama iliyopewa mafuta. Moshi mwingi wa asubuhi peke yake, unaokwisha baada ya muda, ni habari nyingine: vali ndogo ya kuzuia oili isirudi imeacha kufunga, na oili imechuruzika usiku kucha hadi kwenye injini iliyolala. Mafundi wakongwe husimama nyuma ya pikipiki na kusubiri mtu apige kiki, nao huzitofautisha hali hizo kwa kutazama na kusikiliza tu.

Hata hivyo, mahali ambapo stadi hii inastahili sifa kuliko kwingine ni kwenye gasketi, karatasi inayokaa kati ya vyuma viwili ili oili isipite. Pasipo gasketi ya dukani, fundi huweka karatasi ngumu juu ya mdomo wa kava lililosafishwa na kugongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, taratibu, hadi ncha ya chuma yenyewe inaikata karatasi kwa umbo lake, tundu kwa tundu. Kava lililopinda husuguliwa kwanza kwa mzunguko juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kipande cha kioo, kwa kuwa kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote katika banda. Bolti hukazwa kwa kupishana, bila nguvu za kujionyesha, maana nyuzi za alumini zikishakatika hazirudi.

Siku hizi kava hupakwa silikoni ya tyubu pande zote na kufungwa, na oili kweli huvuja kidogo au haivuji kabisa, kwa muda. Silikoni iliyozidi hubinywa kuelekea ndani, ikakatika vipande, ikasafiri na oili hadi kwenye chujio na kuliziba, na kwa namna hiyo kilichokusudiwa kuziba tone moja huinyima oili injini nzima.

Lawama ya kutoweka kwa ufundi huu si ya vijana peke yao. Honda ilipotoa CG125 mwaka 1976, iliachana na kamshafti ya juu na kutumia fito za kusukuma vali, ikijenga injini inayovumilia kucheleweshewa oili, baada ya wahandisi wake kuona jinsi pikipiki zinavyotumikishwa katika nchi zinazoendelea. Nakala za injini hiyo kutoka China ndizo zilizojaza barabara za Mwanza, Sengerema na Geita, na kizazi kizima kimejifunza ufundi juu ya chuma kinachosamehe. Nyingi ya pikipiki hizo hazina taa ya oili. Katika zile Yamaha za zamani zilizobaki, pampu mara nyingi imeng'olewa, oili inachanganywa na petroli kwa kukisia katika chupa ya maji, na balbu nyekundu imetolewa kwa sababu, tangi la oili likiwa tupu daima, ilikuwa haizimiki.