Kostiki na Ngozi ya Titaniamu

Watengeneza sabuni wanaiheshimu kostiki. Inateleza vidoleni, na utelezi huo ni mafuta ya ngozi yenyewe yanayoanza kugeuka sabuni. Ndiyo maana mwenye busara huvaa glavu. Wanakemia huiita hidroksidi ya sodiamu, besi kali. Katika miaka ya 1990, Tadashi Kokubo wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na wenzake waliitumia besi hiyohiyo kwa kazi ya kustaajabisha: kuiandaa titaniamu ili mfupa wa binadamu uikubali.

Titaniamu ni metali kaidi. Haiyeyuki mpaka nyuzi 1,668 za Selsiasi, na maji ya bahari hayaisumbui. Hata kuitoa kwenye mchanga mweusi, kama ule uliochimbwa Kwale, Kenya, hadi mwisho wa 2024, ni kazi ngumu kiasi kwamba sehemu kubwa ya madini yake duniani haifiki kuwa metali. Huishia kwenye rangi nyeupe. Siri ya kutosumbuliwa na maji ya bahari ni ngozi. Hewa ikiigusa tu, hujifunika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache, na utando ukikwaruzwa hujirudisha papo hapo.

Mwili huvumilia ngozi hiyo. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, akichunguza mtiririko wa damu katika mifupa ya sungura, alikuta vifaa vyake vya titaniamu vimeshikana na mfupa, havitoki. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titaniamu. Ila mfupa ulitaka miezi kuishika.

Kokubo aliiendea ngozi yenyewe. Oksidi ya titaniamu ina tabia mbili: huingiliana na asidi kali na besi kali vilevile. Mmarekani Gilbert Lewis alikwisha kueleza mwaka 1923 kwamba besi ni kile kinachotoa jozi ya elektroni, na asidi ni kile kinachoipokea. Kwa kipimo hicho, ioni ya titaniamu yenye chaji nne chanya ina njaa ya elektroni, na hidroksidi inazo za kugawa. Kuwakutanisha ni rahisi. Kujua wakomee wapi, hapo ndipo ufundi unapostahili sifa.

Titaniamu hulowekwa katika mmumunyo mzito wa kostiki, kwa nyuzi 60 tu, saa 24. Haichemshwi. Besi huila oksidi taratibu, na juu ya metali huota tabaka la titanati ya sodiamu lenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Kisha huoshwa kwa maji na kupashwa moto wa nyuzi 600 kwa saa moja, tabaka likaze lisibanduke. Moto ukizidi mno, fuwele hubadilika na kazi yote hupungua thamani.

Ndani ya mwili, sodiamu hutoka na haidrojeni ya majimaji ya mwili hushika nafasi yake. Uso hubaki na chaji hasi, ukavuta kalsiamu. Kalsiamu ikijazana, chaji hugeuka chanya, ikavuta fosfeti. Mbili hizo huzaa apataiti, madini ya jamii ileile inayoupa mfupa ugumu wake. Hakuna gundi iliyopakwa popote! Tangu 2007 viungo bandia vya nyonga vilivyoandaliwa kwa njia hii vimetumika kwa wagonjwa huko Japani.

Titaniamu yenye matundu ndani kwa ndani, inayokusudiwa kuunga pingili za uti wa mgongo, ilidai zaidi. Sodiamu hunaswa kwenye vijitundu vyake na kuizuia apataiti isiote vizuri. Kokubo na wenzake waliongeza hatua moja baada ya besi na kabla ya moto: asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa mno, inayopenya hadi ndani na kuiondoa sodiamu iliyobaki.